Kamera Isiyotoa Jasho

Dada Setsuko,

Figili zako zimefika salama, na huku theluji imefika madirishani. Shemeji yako Morio bado anadamkia mtoni kupiga picha za ndege korongo.

Ila dada, kamera iliyoshinda kwenye baridi hii, ukiiingiza ndani hutoa jasho kama mtungi. Ya Morio siku hizi huingia kavu, ina joto lake.

Jana kabla hajaamka nilizitoa betri zote za kamera. Jioni akarudi.

"Korongo umewapata?"

"Weee! Nimewapiga picha mpaka vidole vimekufa ganzi!"

"Pole, baba. Kunywa supu."

Betri zilikuwa mfukoni mwa aproni yangu.

Kile chumba chako cha nyuma, bado hakina mtu?

Mdogo wako,
Fumie