Kipande Kilichobaki Waberi

Jumatatu, 5 Mei
Nimeifungasha programu tena. Mara ya nne. Programu hii yangu ya kuorodhesha wagonjwa inategemea vipande kumi na kimoja vilivyoandikwa na watu wengine, na zahanati ile ya huko Ijara haina intaneti ya kuvipakua. Lazima vyote visafiri nayo kwenye flashi moja. Hapa nyumbani, mtaani Waberi, imefunguka vizuri. Flashi nimempa dereva wa lori.

Jumatano, 7 Mei
Nesi Halima amepiga simu. "Walaal, ndugu yangu, imekataa. Inaleta maandishi mekundu halafu inajifunga."
Kipande kimoja hakimo kwenye flashi. Laptop yangu inacho tangu mwaka jana, ndiyo maana haikulalamika. Aibu.
Daftari lake la wagonjwa wa TB lililowa mvua likaoza. Orodha ninayo mimi tu, niliiingiza kutoka kwa picha alizonitumia. Ningeweza kumsomea kwa simu. Nilimwambia asubiri flashi mpya. Nilitaka ionekane inafanya kazi.

Ijumaa, 9 Mei
Nimeazima kompyuta tupu, nikazima intaneti. Ikakataa, kama kule. Hivyo ndivyo ningepaswa kuijaribu tangu mwanzo. Nimeongeza kile kipande, na kingine ambacho hicho nacho kinakitegemea. Imefunguka. Flashi imeondoka mchana. Mvua haikatiki.

Jumatatu, 12 Mei
Lori limekwama njiani, mbele ya Bura.
Halima tena. Mzee Gedi, mfugaji, alikuja Jumatano kuchukua dawa. Halima hakujua mzee yuko kwenye dozi ipi, akamwambia arudi leo. Hakurudi. Amehama na ng'ombe wake, na simu hana.
Nikamsomea majina yote, na dozi zao. Dakika ishirini. Ishirini tu.

Jumatano, 28 Mei
Wanawe wamemleta mzee Gedi. Anatema damu. Halima hakunilaumu. Afadhali angenilaumu.

Ijumaa, 30 Mei
Innaa lillaahi. Mzee Gedi, alfajiri.
Mama ameniuliza mbona sili. Nimemwambia tumbo.

Jumapili, 1 Juni
Flashi ilifika jana. Programu imefunguka mara ya kwanza, bila intaneti, bila neno jekundu. Halima alinipigia akiwa mbele ya kompyuta. Akauliza mzee Gedi amwandike wapi, maana anaona sehemu mbili tu: amechukua dawa, hajachukua.
Nikamwambia sikuweka nyingine.
Kisha akamwita mgonjwa aliyefuata, akaniomba nisikate simu mpaka ampate kwenye orodha.