Nguo Zilizopigwa Pasi

Mujukuu wangu Neema,

Huku Bukavu tuko. Mvua iliangusha ukuta wa jikoni, tonton wako, kijana wangu wa mwisho, anaujenga tena. Unauliza kama ni vizuri binti yako Aline asimame mbele ya muamuzi, aseme atakaa na wewe ao na papa yake.

Mimi niliulizwa hivyo kule Walungu, nikiwa na miaka nane. Papa alikuwa analia. Maman alikaa wima, kikapu cha nguo zangu mapajani, zote amezipiga pasi, maana alijua tutarudi pamoja. Nikaona papa ndiye atakayekufa nikimuacha. Nikasema, "Papa."

Maman hakuniangalia. Alimupa papa kikapu, akamwambia, "Ile ya bluu kifungo yake inalegea. Uishone kabla hajaivaa."

Maman alikufa bila kuniuliza sababu, na mimi sikumwambia. Nilimuona ana nguvu, ni hiyo tu.

Muachane kama imeshindikana, lakini jibu hilo mulitafute nyinyi wakubwa. Aline asiulizwe.

Papa hakushona kitu. Kile kifungo nilikishona mwenyewe, kwa uzi mweusi.

Koko wako