Mwana Hiti wa Mama

Makumbusho, Dar es Salaam, 1951

Dada Mwanamkasi,

Shikamoo. Sisi wazima, ila mvua imebomoa dari la darasa letu.

Usimtafute tena mwana hiti wa mama, yule wa mti aliyelelewa na kila mwali wa kwetu akiwa ndani. Yuko hapa makumbusho, ndani ya kabati la kioo, nywele za mama zingali kichwani pake. Nilimsihi Mzungu, mkuu wetu wa kazi, atuazime mpaka mwanao Ashatu atoke ndani. Akaniuliza walimu watafundishiwa nini. Kwa hiyo kila asubuhi nasimama mbele ya wanaume wanaosomea ualimu, nasema huyu ni mwanasesere wa kuchezea. Leo mmoja, mtu wa Ubena anayemjua mwana hiti, aliinamisha uso kwa haya. Mimi sikuweza, fimbo ya kuonyeshea nimeishika mimi.

Mtoeni mwanetu Ashatu mikono mitupu.

Mdogo wako,
Mbaruku