Wewe Ulimpiga Kwanza

Saruul, uko?

Unaikumbuka ile picha yangu ya mbwa mwitu jike kwenye theluji, niliyoiweka mtandaoni? Jina la mahali nililificha. Nikajiona mjanja!

Nikasahau mawe. Lile rundo la kilimani lenye vitambaa vya bluu, tunalolizunguka kuomba njia njema. Liko pale kwenye kona ya picha. Mfugaji gani hapa Mongolia asiyeyajua mawe ya kwao?

Leo mzee Damdin kaja hemani kwetu na pikipiki, anacheka. Nyuma kamfunga mbwa mwitu. Ni yule yule, Saruul. Lile sikio lililochanika. Yule yule!

Nikamuuliza wamempataje.

"Kwa ile picha yako, mwanangu! Mawe tuliyajua palepale."

Nikamwambia mimi nilimpiga picha tu. PICHA TU.

"Ndiyo hivyo. Wewe ulimpiga kwanza, sisi tukamalizia. Sasa kondoo wetu watalala."

Mama akampa chai ya chumvi, akanywa yote. Kisha akamwinua yule mnyama kichwa, kwa lile lile sikio.

"Lete kamera. Leo hakimbii."

Nimeileta, Saruul. Na nimempiga.