Baluku Wawili Chini ya Baba Mmoja

Jumanne, Bwera

Na nilijiona mwerevu! Nilipoweka historia ya ukoo wetu kwenye mtandao, sikumtaja yule mwanamke wa Mpondwe, mpakani na Kongo, aliyezaa na marehemu baba mkubwa. Niliandika watoto tu: Baluku wawili, baba mmoja. Kwetu Wakonzo kila mama humwita mwanawe wa kwanza wa kiume Baluku. Mkonzo gani atashindwa kuhesabu akina mama hapo?

Miaka yote historia hii ilikuwa ugonjwa wangu mwenyewe, hakuna aliyejali. Leo Baluku wa nyumbani, mtoto wa mke wa ndoa, kanikamata sokoni, mbele ya wauza nyanya wote.

"Profesa wa makaburi! Nani alikutuma? Mama analia tangu jana. Futa hiyo maneno, ama kwetu Munkunyu usikanyage tena, hata kwa kilio!"

Nikasema, "Lakini ni ndugu yako."

Akatema mate karibu na kiatu changu. Kiatu kibovu, ila ni changu.

Naogopa, sifichi. Huyo mama anayelia ndiye aliyenilea. Jioni nilikaa nifute, kabisa, na simu ikalia. Namba ya Kongo.

"Ni mimi Baluku. Niliona jina yangu pale. Hakuna mutu alisemaka mimi iko mutoto ya ule muzee. Kaburi iko wapi?"

Nikamwambia: Munkunyu, juu ya shamba la kahawa, lakini usiende peke yako.

Sikufuta. Kesho nampokea mpakani, twende naye. Wakitufukuza, basi watufukuze pamoja.