Bahasha Niliyoirudisha Ijumaa

Shangazi,

Shikamoo. Najua sitaisikia marahaba yako, lakini siwezi kuanza bila kukuamkia.

Nakuandikia nikiwa masjala ya hospitali, mlango nimeufunga kwa ndani. Binti yako Anitha amekaa kwenye benchi nje ya dirisha langu. Ametoka Ntobeye kuja kuchukua karatasi za matibabu yako, nami nimemwambia asubiri kidogo, bado natafuta faili. Faili liko mbele yangu tangu asubuhi.

Tangu tukuzike, nyumbani hakujatulia. Siku ya kuanua matanga Baba Mdogo alisimama mbele ya watu akasema jembe lilipokukata mguu, Anitha alikukalisha ndani siku tatu na majani kwenye kidonda, kwa sababu palizi ya maharage ilikuwa haijaisha. Hakuna aliyembishia. Anitha alikuwa anaosha sufuria. Akaendelea kuiosha ileile moja mpaka watu wakaondoka. Siku hizi wanawake wakienda kuchota maji hawampitii. Mimi nilikuwepo, Shangazi. Nilikaa karibu na mlango, sikusema kitu.

Usaha wa mguu wako ulipelekwa maabara kubwa, ili bakteria waoteshwe na ijulikane dawa ipi inawaua. Majibu huletwa kwenye bahasha zenye namba tu, bila jina. Ijumaa ile dereva alileta bahasha tatu na moja haikuwa na mhuri. Akaniambia, "Mdogo wangu, pokea tu, mhuri utafuata." Nikakataa. Niko kwenye miezi ya majaribio, naogopa kila karatasi. Nikaandika kwenye rejesta, kwa mwandiko wangu ambao wewe ulikuwa ukijivunia kwa majirani: imerudishwa, haina mhuri. Kisha nikakuletea uji wodini. Ukanitania mbele ya wagonjwa kwamba mimi hata chumvi ya jirani ningeidai barua ya utambulisho. Wodi nzima ikacheka, nami nikacheka.

Ulifariki Jumatatu mchana. Bahasha ilirudi Jumanne, ina mhuri.

Kaka Deo wa maabara yetu ndiye aliyelinganisha namba ya bahasha hiyo na jina lako. Akanijia, akanipa pole, akasema ingefika Ijumaa wangekubadilishia sindano. Hakujua kwamba aliyeirudisha ni mimi. Nikamuuliza tu dawa inawezaje kuingia mwilini kila siku isifanye kazi. Akachukua fomu iliyoharibika, akachora nyuma yake.

Alisema bakteria amezungukwa na utando wa mafuta, mwembamba kuliko kitu chochote tunachoweza kukiona kwa macho. Protini za kukaa kwenye utando huo hutengenezwa ndani kama uzi mrefu, na uzi hupelekwa kwenye kilango kilichomo kwenye utando wenyewe. Kilango hicho kinaweza kuupitisha uzi hadi nje. Kinaweza pia kufunguka ubavuni, na vipande vya uzi visivyopatana na maji vikateleza humo na kutulia kwenye mafuta. Uzi huenda na kurudi, huenda na kurudi, kama wewe ulivyokuwa ukipitisha ukindu kwenye kikapu. Ukimaliza kujikunja unakuwa pampu. Bakteria wako, alisema, walikuwa na pampu hizo. Sindano ilikuwa inaingia, na wao wanaitema.

Nilimuuliza kama ile protini ikishakaa pale inaweza kutoka. Akasema kwa kawaida haitoki. Upande mmoja uko ndani, mwingine uko nje, katikati imeshikwa na mafuta. Tangu siku hiyo ndivyo ninavyoishi. Kazini niko nusu, nyumbani niko nusu, na nisipopumua vizuri naona kama watu watajua.

Nilimuuliza pia kama dawa nyingine ingekuponya. Alisema pengine, lakini damu yako ilikuwa imeshaharibika sana. Nimelishika hilo "pengine" wiki nzima. Lakini Anitha hana "pengine" yake. Yeye ameshahukumiwa.

Naogopa, sitakuficha. Naogopa kufukuzwa. Naogopa Baba Mdogo atasimama tena, safari hii aniangalie mimi. Zaidi ya yote naogopa uso wa Anitha, maana tumelala kitanda kimoja kwako tangu tukiwa wadogo, na hajawahi kunitazama kwa chuki.

Sasa hivi amegonga kioo taratibu, akauliza, "Dada, bado tu?" Nimemwambia nakuja.

Sitampa karatasi kupitia dirishani. Nitamwingiza ndani, nimfungulie rejesta, nimwonyeshe mstari wa Ijumaa. Mganga mfawidhi nitamwandikia baadaye, na Jumapili nitasema mwenyewe mbele ya Baba Mdogo na wote waliokuwepo.

Pumzika, Shangazi wangu. Nakuahidi jambo moja, na najua kwangu ni gumu kuliko mengine yote: Anitha akishausoma ule mstari, sitalia kabla yake, asije akaanza kunibembeleza mimi.