Mstari wa Innocent kwenye GPS

Jumamosi, jioni

Papa alikuwa ameshaamua kuiuza GPS ya baiskeli, kile kifaa kidogo cha kuonyesha njia. "Hii GPS ya kinga, bila enternet, itatusaidia nini sasa?" Nilimwomba niijaribu kwanza, maana safari za baiskeli za kaka yangu Innocent zimo mle tu. Tangu tumzike, hakuna aliyeiwasha.

Leo asubuhi niliifunga kwenye usukani wa baiskeli yake, nikasubiri uani mpaka ipate setilaiti. Haikuhitaji intaneti. Safari yake ya mwisho ilitokea, mstari mwekundu kutoka Muganza kupanda mlima wa Gitambi, nami nikaufuata.

Kila Jumamosi Innocent alituambia amefika juu kabisa. Mstari uliishia katikati ya mlima, kwenye kona yenye migomba. Nilifungua safari nyingine, kisha nyingine. Zote ziliishia pale. Ile ya mwisho inaonyesha alikaa pale karibu saa nzima.

Kumbe ugonjwa uliomuua ulikuwa umeshaanza. Nami nilikuwa nikimcheka kila akichelewa kurudi: "Weye bingwa, mulima imekuchapa tena?" Naye alicheka tu.

Nililia pale kwenye kona. Kisha nikasukuma baiskeli mpaka juu, nikahifadhi safari yangu.

Niliporudi, Papa aliufuata mstari wangu kwa kidole kwenye kioo cha GPS. "Ulifika fasi Innocent alikuwa anafikaka?"

"Ndiyo, Papa, mahali palepale."

Alifuta kioo kwa shati lake, akaichomeka kwenye chaji mwenyewe. Hakusema tena habari ya kuuza. Ile kona ninaijua mimi peke yangu.